Matatu Zikigoma, Wewe Abiria Uko Upande wa Nani?

Hebu vuta kumbukumbu, msomaji. Umeamka saa kumi na moja alfajiri, ukawavisha watoto sare za shule, ukawanywesha chai na mkate, kisha ukashika njia kuelekea stejini. Kufika pale unakuta umati umefurika hadi barabarani, lakini gari hakuna hata moja. Husikii honi wala muziki wa kupasua masikio, wala utingo anayekuvuta mkono akikuapia kwamba amebakisha kiti kimoja tu. Unamwuliza jirani kulikoni, naye anakujibu kwa neno moja: mgomo.

Bila shaka unajua kinachofuata. Wengine watarudi nyumbani wakangoje redio iseme mambo yametulia. Wengine watarukia malori na pikapu. Walio karibu na reli watang'ang'ania garimoshi, na vijana watabebwa huku wakining'inia milangoni. Waliobaki, ambao ndio wengi, watakaza mwendo kwa miguu.

Na njia nzima mtakuwa mkizungumza. Hapo ndipo utakapoyasikia maoni ya umma yasiyopikwa na yeyote. Mmoja atailaumu serikali kwa kuwaonea watu wanaotafuta riziki. Mwingine atasema makanga wamezidi ujeuri na dawa yao ni kunyang'anywa leseni. Wa tatu atawalaani wenye magari, wa nne polisi. Kufika mjini, kila mtu ameshalaumiwa isipokuwa mmoja tu, naye ni abiria mwenyewe.

Je, umewahi kujiuliza maoni yako siku ya mgomo hutoka wapi? Na je, yana uzito wowote?

Swali hili si la mzaha. Migomo ya matatu jijini Nairobi imeonyesha mara kwa mara kwamba upande ambao abiria wanaegemea ndio hushinda. Imeonyesha pia kwamba abiria hao hao husahau upesi.

TULIPOTEMBEA TUKICHEKA

Chukua mfano wa Februari 2004. Wakati huo barabara za Kenya zilikuwa zikiua karibu watu 3,000 kila mwaka. Nissan iliyopewa leseni ya abiria 18 ilibeba kadiri ya watu walioweza kusukumwa ndani, na utingo alining'inia nje kama nguo iliyoanikwa. Katika baadhi ya vituo, makundi haramu yaliwatoza madereva fedha kila siku kwa vitisho.

Oktoba 2003, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, marehemu John Michuki, alitangaza kanuni mpya. Kila matatu iwe na kidhibiti mwendo, isipite kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda wa usalama. Nissan ibebe abiria 14 tu. Gari lichorwe mstari wa manjano na liandikwe njia inayohudumu. Dereva avae sare ya buluu na utingo ya rangi ya damu ya mzee, nao wawe na cheti cha polisi cha tabia njema. Matatu ambayo ingekuwa haijatimiza hayo kufikia Februari 1, 2004, isionekane barabarani.

Tarehe hiyo ilikuwa Jumapili. Kesho yake, Jumatatu, Nairobi iliamka bila magari. Baadhi ya matatu hazikuwa zimetimiza kanuni. Nyingine zilifichwa na wenyewe kwa matumaini kwamba, taabu ikizidi, wananchi wangemgeukia waziri naye angelegeza kamba.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mtaani Umoja mwaka huo. Mama yangu alitembea hadi mjini, mwendo wa kama saa mbili, akarudi jioni viatu mkononi. Tulitarajia atamlaani Michuki. La hasha! Alituambia kwamba afadhali miguu iume kuliko kusombwa kama viazi guniani. Kisha akaomba maji ya moto ya kukandia miguu.

Hakuwa peke yake. Maelfu ya watu walitembea katika Barabara ya Jogoo na ile ya Thika, na wengi wao waliunga mkono kanuni hizo hadharani. Watu walikuwa wamechoka. Ni wananchi hao hao waliokuwa, mapema mwaka wa 2003 muda mfupi baada ya serikali ya Narc kuingia madarakani, wamewakabili baadhi ya polisi wa trafiki na kuwashurutisha kurudisha hongo waliyopokea kutoka kwa madereva. Abiria alikuwa na kiburi wakati huo, kile kiburi kizuri cha mtu anayejua haki yake.

Kwa sababu hiyo mgomo ulikosa mafuta. Mgomo wa matatu hutegemea hasira ya abiria. Hasira hiyo ikiielekea serikali, serikali hutetemeka. Ikiwaelekea wenye matatu, wao ndio husalimu amri. Mnamo 2004 iliwaelekea wao, na magari yakarudi barabarani moja baada ya jingine, mikanda ikiwa imefungwa na mstari wa manjano ukimetameta. Nauli ilipanda, tukanung'unika, lakini tulikaa vitini kama watu.

KANUNI TULIYOISAHAU

Sasa hebu tuzame kidogo, msomaji, kwa kuwa hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukuliona.

Miongoni mwa kanuni za Michuki kulikuwa na moja ambayo haikuvutia macho kama mstari wa manjano. Ilimtaka mwenye gari awaajiri dereva na utingo kazi ya kudumu, badala ya kuwatumia kama vibarua wa siku. Umma uliushangilia mkanda, ukashangilia kidhibiti mwendo, ukashangilia sare. Kanuni ya mishahara haikupata wa kuishangilia, nayo ikafifia kimyakimya.

Ikiwa hujui matatu huendeshwa vipi, sikiliza. Aghalabu mwenye gari humwekea dereva kiasi maalumu cha fedha anachopaswa kuleta kila jioni. Wenyewe hukiita "hesabu". Mvua inyeshe au jua liwake, pawe na msongamano au pasiwe, hesabu ni hesabu. Kutokana na pato la siku, dereva na utingo wake hununua mafuta, huwapa manamba wa stejini chao, na mara nyingi hulainisha mikono inayonyooshwa njiani. Baada ya hesabu kutoka, kinachobaki ndicho chao. Kisipobaki kitu, watoto wao hulala na njaa.

Utaratibu huu ndio hufanya dereva apite kando ya barabara pale Donholm ukishikilia roho. Ndio humfanya utingo akwambie usonge kidogo aingie mmoja wa mwisho, ambaye si wa mwisho. Si kwamba wote ni watu wabaya. Wanaharakisha kwa kuwa abiria wa kumi na watano ndiye mshahara wao. Kumi na wanne wa kwanza ni wa mwenye gari, wa mafuta na wa njiani.

Ukilielewa hilo, utaona ajabu iliyopo. Tunawachukia madereva kwa mwendo wa kasi, ilhali utaratibu unaozaa kasi hiyo hatuuulizii. Tunadai matawi yakatwe na mizizi tunaiacha ardhini.

MGOMO WA NANI?

Hapa ndipo maoni ya umma huchanganyikiwa. Tunaposikia kwamba "matatu zimegoma", tunadhani wote waliomo wamegoma. Lakini matatu si mtu. Kuna mwenye gari, kuna dereva na utingo, na kuna dereva wa zamu ambaye hukabidhiwa usukani kwa saa chache mwenzake akipumzika.

Mwenye gari akiamua kuliegesha nyumbani siku tatu, amepoteza faida ya siku tatu. Utingo amepoteza chakula cha siku tatu. Hana chama chenye mfuko wa kumsaidia siku za mgomo, na mara nyingi hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba ameajiriwa. Hata hivyo jioni ni yeye anayeonekana kwenye runinga akichoma magurudumu, na ni yeye anayerushwa ndani ya gari la polisi. Mara nyingi wananchi hutazama wakasema amejitakia.

Linganisha na yaliyotokea New York, Marekani, Desemba 2005. Wafanyakazi wa treni na mabasi ya jiji hilo, zaidi ya 30,000, waligoma kwa siku tatu wakati wa baridi kali, Krismasi ikikaribia. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya malipo ya uzeeni ya wale ambao wangeajiriwa baadaye. Watu walitembea kwa miguu juu ya daraja la Brooklyn, sawa na sisi tunavyotembea katika Barabara ya Jogoo. Meya Michael Bloomberg aliwashutumu vikali. Sheria ya huko inawakataza wafanyakazi wa umma kugoma, hivyo chama chao kilitozwa faini ya dola milioni 2.5, na mwaka uliofuata kiongozi wao, Roger Toussaint, alifungwa jela kwa siku kadhaa.

Maoni ya wakazi yaligawanyika. Wapo waliosema ni ukatili kuwaacha watu barabarani kwenye baridi. Wapo pia, hasa miongoni mwa weusi, waliosema kwamba waliogoma ni majirani zao wanaotetea uzee wao. Lakini angalau kila aliyetembea alijua nani amegoma, amemgomea nani, na kwa ajili ya nini. Mwajiri alijulikana, na mkataba ulikuwa mezani.

Hapa kwetu, Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma na haki ya malipo ya haki. Lakini utingo asiye na barua ya kazi atamgomea nani? Aghalabu huambiwa agome kwa niaba ya aliyemwekea hesabu, dhidi ya serikali iliyosema kwamba anastahili mshahara. Huo, msomaji, ni mgomo wa kumtetea anayekukamua.

MIAKA 14 BAADAYE

Kanuni zile hazikudumu. Polepole mikanda ilikatika ikageuzwa kamba za kufungia mizigo. Vidhibiti mwendo vilichokorwa. Sare zikavaliwa polisi wanapoonekana tu. Michuki aliaga dunia Februari 2012, na kufikia hapo watu walikuwa tayari wanazitaja sheria zake kama hadithi za zamani.

Novemba 12, 2018, Jumatatu nyingine, serikali iliamua kuzifufua. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, na mwenzake wa Uchukuzi, James Macharia, waliagiza polisi wakamate kila gari lisilotimiza masharti. Kwa mara nyingine matatu zilitoweka, na kwa mara nyingine Nairobi ilitembea. Watahiniwa wa KCSE walikuwa wangali katika mitihani, na mzazi yeyote aliyekuwa na mtahiniwa wa kutwa hataisahau wiki hiyo.

Maoni yalikuwaje? Wengi waliunga mkono bado, ila si kwa shangwe ile ya 2004. Watu walisema kanuni ni nzuri, lakini wakauliza itachukua wiki ngapi kabla hongo haijazirudisha kaburini. Magari machache yaliyothubutu kutoka yaliongeza nauli, na hilo liliwakera watu kuliko mgomo wenyewe. Uungwaji mkono uliokuwa wa moyo sasa ulikuwa wa mdomo.

Kisha, Desemba 3 mwaka huo huo, serikali ya kaunti chini ya Gavana Mike Sonko ilizipiga matatu marufuku kuingia katikati ya jiji. Abiria walishushwa mbali, wakatembea na mizigo, wazee na walemavu wakiwemo. Mara hii hasira haikuwaelekea wenye matatu hata kidogo. Iliielekea kaunti, na marufuku hiyo ikasimamishwa mara moja.

Umeona tofauti? Miezi hiyo miwili iliwatembeza watu wale wale, katika barabara zile zile, kwa viatu vile vile. Novemba walikubali, Desemba walikataa. Haidhuru watu wanatembea umbali gani; kinachowahukumisha ni sababu ya kutembea. Wakiona kwamba mwishoni watapata usalama, watavumilia. Wakiona wanasumbuliwa bure, watapiga kelele. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba wananchi hufuata upepo tu. Wana akili, tena wanapima.

WASIO NA MAONI

Kuna kundi moja ambalo redio haiwaulizi siku ya mgomo, wala hatupaswi kulipita bila kulitaja. Ni wale wanaotoka Kibera, Mukuru na Mathare kila alfajiri, wakatembea hadi Eneo la Viwanda au mitaa ya matajiri, mgomo uwe au usiwe. Kwao nauli ya kwenda na kurudi ni unga wa jioni.

Siku ya mgomo huona wenzao wengi wakiungana nao barabarani, wakilalamika juu ya vumbi na malengelenge. Wao hutembea tu. Pengine maoni ya haki kuliko yote kuhusu usafiri wa jiji hili yangetoka kwao, lakini nani amewahi kuwawekea kipaza sauti mdomoni?

NAULI PANDAPO, HASIRA SHUKAPO

Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo, nyasi huumia. Methali hii hutajwa kila mgomo unapotokea, nasi abiria hupenda kujiita nyasi. Ni methali ya kweli. Lakini kuna hatari ya kuipenda kupita kiasi, kwa sababu nyasi hazina la kufanya, na abiria ana la kufanya.

Tazama tabia yetu. Siku ya mgomo tunasema matatu zinyooshwe. Wiki ya pili, mvua inanyesha saa kumi na mbili jioni, tumesimama Muthurwa au Ronald Ngala, inakuja Nissan ambayo tayari imejaa. Utingo anaweka ubao kati ya viti viwili. Nani hukalia ubao ule? Ni sisi. Polisi akisimamisha gari, nani huinamishwa kichwa ili asihesabiwe? Ni sisi, na tunainama kwa utiifu mkubwa. Akitokea mmoja akakataa, tunamwambia ashuke akanunue gari lake.

Mwaka wa 2021 na mwaka wa 2022 barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Si wote waliokuwa ndani ya matatu. Wengi walikuwa watembea kwa miguu na wa bodaboda. Lakini idadi hiyo ni kubwa kuliko ile ya karibu 3,000 iliyotufanya tutembee tukicheka mnamo 2004. Basi kelele zetu zilienda wapi?

UFANYEJE?

Mgomo mwingine utakuja, hilo halina shaka. Utakapokuja, haya machache yatakufaa wewe na jamaa yako.

Kwanza, uliza nani amegoma. Je, ni wenye magari wanaokataa kanuni, au ni madereva na utingo wanaodai malipo? Mambo haya mawili hayafanani, na hayastahili hukumu moja.

Pili, usimhukumu mtu kwa wadhifa wake. Yule utingo anayekukera asubuhi huenda ametoka kwake saa tisa usiku, na atarudi wanawe wamelala. Kumdai adabu ni haki yako. Kumdai mwajiri wake mshahara wa utingo huyo pia ni kwa faida yako, kwani dereva mwenye mshahara hana sababu ya kukimbiza abiria wa kumi na watano. Matatu siku hizi ziko chini ya vyama vya ushirika na kampuni zenye ofisi na simu. Waulizeni: wafanyakazi wenu wanalipwa vipi? Swali hilo likiulizwa na mtu mmoja ni udaku. Likiulizwa na mtaa mzima ni maoni ya umma.

Tatu, wewe mwanafunzi, usikubali kuwa wa kwanza kuning'inia mlangoni kwa kuwa ndiyo mtindo. Waliozikwa kwa mtindo huo wengi walikuwa rika lako.

Nne, wewe mzazi, watoto wakikuuliza kwa nini leo tunatembea, usiwajibu kwa matusi juu ya makanga au juu ya serikali. Waeleze. Watoto wa 2004 tulielezwa, na wengine wetu tungali tunakumbuka.

Mwisho, kumbuka kwamba siku ya mgomo kuwa na maoni ni rahisi. Gari halipo, huna cha kupoteza, na kila unayetembea naye anakubaliana nawe. Mtihani wenyewe huja baadaye, magari yamekwisha rudi, giza linaingia, mvua imeanza kudondoka na nyumbani wanakungoja. Utingo atagonga ubavu wa gari, atakutazama usoni, akwambie, "Ingia, mzee, nafasi ya mmoja." Utachungulia ndani na kuwaona wamekwisha bebana.

Jibu utakalompa hapo ndilo maoni yako.